Mhariri, lugha ndogo zipewe kazi kwanza, kamusi baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua (najua barua ndefu huwa mnazikata, ila hii naomba muivumilie) niseme kidogo kuhusu lugha za jamii ndogo zinazokufa. Kila ikifika tarehe 21 Februari, siku ya kimataifa ya lugha mama, tunasoma habari ile ile, mkutano umefanyika hotelini, mgeni rasmi amehutubia, kamusi imezinduliwa, wazee wamevalishwa mavazi ya asili wakacheza ngoma wakapigwa picha, basi, mpaka mwakani tena. Na sasa hivi tuko ndani ya Muongo wa Kimataifa wa Lugha za Asili, Umoja wa Mataifa wameutangaza kuanzia 2022 mpaka 2032, na kwa ninavyoona mimi tukienda hivi tutafika hiyo 2032 tukiwa na kamusi nyingi nzuri zenye majalada ya kung'aa, za lugha ambazo hakuna mtoto hata mmoja anayeziongea.

Sisemi kamusi ni mbaya jamani. Nasema zinatengenezwa kana kwamba lugha inakufa kwa sababu haijaandikwa. Duniani kuna lugha kama 7,000 hivi, UNESCO wanasema karibu asilimia 40 ziko hatarini, na ukifuatilia moja moja ilikuwaje mpaka ikafika hapo unakuta mara nyingi mzazi alipiga hesabu. Alijiuliza hii lugha itampa mwanangu nini, kazi, shamba, mke, kesi kusikilizwa, dawa hospitali? Akaona hamna kitu. Akabadilisha lugha ya nyumbani, na wala hakuwa mjinga wala msaliti wa mila kama wanavyosemwa kwenye hotuba.

Chukua Wayaaku wa msitu wa Mukogodo kule Laikipia, Kenya. Hawa walikuwa wawindaji na watu wa nyuki, wanaishi kwenye mapango ya msituni, hata mahari yao ilikuwa mizinga. Enzi za mkoloni watu wakasukumwa sukumwa, ardhi ikabanwa, Wayaaku wakajikuta wamezungukwa na majirani wafugaji wanaoongea Kimaa (lugha ya Wamasai na jamaa zao), na wale majirani wakitaka kuoa wanakuja na ng'ombe. Sasa wewe ni baba una binti, huyu ana ng'ombe, huyu kijana wa kwenu ana mizinga, utamchukua nani? Wasomi waliowaandika wanasema katika miaka ya 1920 na 1930 jamii nzima iligeuka kuwa wafugaji, na lugha ikafuata mifugo, watoto wakalelewa kwa Kimaa, leo Kiyaaku kimebaki kwa wazee wachache sana. Hakuna aliyewachapa viboko waache lugha yao. Uchumi ulibadilika, na uchumi mpya ukaja na lugha yake. Na jitihada za kukifufua zilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 wenyewe hawakuishia kwenye maneno, walidai na msitu wao pia, wakasema wao ndio wanaostahili kuulinda, na mi naona walikuwa mbele ya wataalamu wengi, maana bila msitu na nyuki hicho Kiyaaku kitaongelea nini sasa.

Hapa ndipo penye utata ambao watu wa maendeleo hawapendi kuusikia. Mwishoni mwa 2021 watafiti wakiongozwa na Lindell Bromham wa Australia walichapisha utafiti wa lugha 6,511, walipima mambo kibao, hali ya hewa, idadi ya watu, sera za serikali, sijui nini na nini, na vitu viwili vikajitokeza kwamba vinaenda sambamba na lugha kuwa hatarini: barabara zikiwa nyingi, na miaka ya watu kukaa shuleni ikiwa mingi. Wakakadiria kwamba bila hatua yoyote lugha kama 1,500 zinaweza kupotea mpaka mwisho wa karne hii. Barabara na shule! Yaani vile vile vitu ambavyo kila mgombea anaviahidi na kila mwananchi anavitaka, na ana haki ya kuvitaka. Wenyewe hao watafiti hawakusema tufunge shule, walisema watoto wafundishwe kwa lugha mbili, ya kwao na ile kubwa. Ila somo liko wazi kwamba maendeleo yenyewe hayako upande wowote mpaka uyaweke upande, ukiyaacha yaende yanavyotaka yatakwenda na lugha ya mwenye hela.

Ireland walilipata hili somo mapema, na kwa gharama. Wana maeneo yao yanaitwa Gaeltacht ambako Kiayalandi kilikuwa bado kinaongewa na watu wa kawaida, na serikali ikaona vijana wanakimbilia Uingereza na Marekani, basi ikasema tulete viwanda, na mwaka 1980 wakaanzisha kabisa mamlaka ya maendeleo ya maeneo hayo, Údarás na Gaeltachta. Wazo zuri tu. Viwanda vikaja, kazi zikaja, waliohama wakaanza kurudi. Lakini wengi walirudi na wake na watoto wanaoongea Kiingereza, mafundi na mameneja wengine wakatoka nje, na pale kazini wakikaa watu kumi mmoja hajui Kiayalandi basi wote tisa wanageuza wanaongea Kiingereza kwa adabu tu, ndo binadamu tulivyo. Kwa hiyo kiwanda kiliwabakiza watu kijijini na wakati huo huo kikaingiza lugha nyingine mpaka jikoni. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wakisikia "ajira zitaokoa lugha" wanadhani ajira yoyote ile, hapana, kama hukuangalia kazini kutaongewa nini na nani ataajiriwa utakuwa umelipia hela ya kuharakisha kifo.

Wales wao naona wamefikiria zaidi. Kuna kijiji kinaitwa Nant Gwrtheyrn, kiko bondeni kwenye pwani ya Llŷn, kilikuwa kijiji cha wachimba mawe, machimbo yakafungwa watu wakaondoka, familia ya mwisho ikatoka 1959, nyumba zikabaki magofu. Daktari mmoja wa eneo hilo, Carl Clowes, alikuwa anaona mambo mawili kwa pamoja, vijana hawana kazi wanahama na Kiwelisi kinahama nao, na huku watu wazima wengi wanatafuta mahali pa kujifunza hiyo lugha. Akawakusanya watu wakaanzisha taasisi, wakayanunua yale magofu 1978, wakayakarabati pole pole, mafunzo ya kwanza yakaanza 1982. Mpaka leo watu wanakwenda pale kukaa na kusoma, kuna malazi, kuna mgahawa, harusi zinafanyika, na wanaoajiriwa wanatakiwa kujua Kiwelisi kwa sababu ndiyo bidhaa yenyewe. Angalia hapo, lugha ndiyo inayolipa mishahara. Haombwi mtu aipende.

Halafu wakaenda mbali zaidi, mwaka 2015 Wales wakatunga sheria ya ustawi wa vizazi vijavyo yenye malengo saba ambayo taasisi zote za umma zinatakiwa kuyafanyia kazi, na moja kati ya hayo saba ni utamaduni hai na lugha ya Kiwelisi inayostawi. Yaani lugha iko kwenye orodha moja na afya, usawa na mazingira. Sasa linganisha na yale Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huo huo 2015, malengo 17, shabaha 169, kuna samaki, kuna misitu, kuna takataka za mijini, na katika hayo 17 hakuna lengo hata moja la lugha. Hata moja. Watu wa jamii asilia wametajwa kwenye kilimo na kwenye elimu, ila hicho wanachoongea hakikuonekana ni jambo la kuwekewa lengo lake. Ndio maana ukienda na andiko la mradi wa lugha kwa wafadhili wa maendeleo wanakwambia hii ni utamaduni, nenda dirisha lile, na ukienda dirisha lile wanakupa hela ya tamasha.

Lakini tusidanganyane, hata Wales mambo hayajanyooka. Sensa ya 2011 ilihesabu wasemaji kama 562,000 na ile ya 2021 ikahesabu kama 538,000, wameshuka, na huku serikali yao imeweka shabaha ya wasemaji milioni moja ifikapo 2050. Shule za Kiwelisi zipo, televisheni ya Kiwelisi ipo tangu 1982, sheria zipo, sasa kinachovuja kiko wapi? Nyumba, kwa sehemu kubwa. Vile vijiji vya pwani ambako lugha ina nguvu ndivyo matajiri wa mijini wanakonunua nyumba za kupumzikia, bei inapanda, kijana wa pale hana uwezo anaondoka, na mwenye nyumba anakuja wiki chache kwa mwaka. Kwa hiyo kuanzia 2023 halmashauri zimeruhusiwa kuongeza mpaka asilimia 300 juu ya kodi ya kawaida kwa nyumba ya pili. Kodi ya nyumba ikawa sera ya lugha! Kuna watu wa idara za lugha kwenye vyuo vikuu hawajawahi hata siku moja kuwaza kodi ya nyumba.

Nirudi kwenye ardhi maana huko ndiko jambo hili linapouma zaidi kwa jamii ndogo kabisa, zile za watu mia chache au elfu chache ambazo hazina televisheni wala bunge. Mwaka huo wa 2021 watafiti wawili, Rodrigo Cámara-Leret na Jordi Bascompte, waliorodhesha matumizi 12,495 ya mimea ya dawa katika lugha 236 za Amerika ya Kaskazini, Amazon ya kaskazini magharibi na New Guinea, wakakuta zaidi ya asilimia 75 ya maarifa hayo yanajulikana katika lugha moja tu. Moja. Na cha ajabu mimea yenyewe iliyothibitika kuwa hatarini haikufika hata asilimia 5, iliyo hatarini ni lugha, kwa hiyo kinachotusubiri ni mti umesimama pale pale mzima kabisa na hakuna anayejua unatibu nini. Tunatumia mabilioni kulinda miti (na ni sawa) lakini yule bibi anayeijua hiyo miti hayumo kwenye bajeti, labda siku ya kupigwa picha.

Na wasomaji wanaodhani haya ni mambo ya majani na mizizi tu wasome habari za kisiwa cha Simeulue, Indonesia. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilipopiga, kisiwa hiki kilikuwa karibu sana na pale tetemeko lilipoanzia, kina watu kama 78,000, walikufa saba. Ng'ambo yake Aceh walikufa zaidi ya laki moja. Tofauti ilikuwa nini, mitambo? Hapana, watu wa Simeulue walipigwa na tsunami nyingine 1907, na toka hapo bibi na babu wakawa wanasimulia na kuimba kwa lugha yao kwamba ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma usisubiri, kimbilia mlimani. Miaka 97 baadaye watoto waliokuwa wamelala na hizo nyimbo wakakimbilia mlimani. Sasa niambieni hiyo lugha iandikwe kwenye bajeti ya utamaduni au ya maafa?

Ila ardhi na lugha visipoenda pamoja na kwa wakati ni kazi bure pia, au nusu bure. Afrika Kusini lugha ya N|uu ilidhaniwa imeshakufa mpaka miaka ya 1990 alipopatikana bibi Elsie Vaalbooi ambaye bado aliijua, wakatafutwa wengine wakapatikana wazee kadhaa waliokuwa wametawanyika mashambani na mitaani kama vibarua, na ushahidi wao wa majina ya mahali na maisha ya zamani ukasaidia jamii ya ‡Khomani San kudai ardhi yao, wakarudishiwa mwaka 1999, maelfu ya hekta kule Kalahari. Ushindi mkubwa. Lakini wasemaji walikuwa wameshazeeka, kizazi cha katikati kilishalelewa kwa Kiafrikana, na leo bibi Katrina Esau ndiye anayejulikana kama msemaji mahiri wa mwisho, amefundisha watoto nyumbani kwake Upington kwa miaka mingi. Ardhi ilirudi, ikakuta wenye maneno ya hiyo ardhi wamebaki wa kuhesabika.

Wahadza wa Tanzania wao bado wana nafasi, na ndio maana nawatolea macho. Ni kama watu elfu moja na kidogo hivi, watoto bado wanakiongea Kihadza, na mwaka 2011 walipata hati za kimila za pamoja za ardhi yao bonde la Yaeda, shirika lililowasaidia ni lile Ujamaa Community Resource Team ambalo kiongozi wake Edward Loure alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman 2016. Baada ya hati ikaja biashara ya hewa ukaa, msitu usipokatwa ile kaboni inayohifadhiwa humo inauzwa na jamii inapata mgao, na walinzi wa msitu wanatoka humo humo. Hapo naona mwanga kwa sababu kazi ya kulinda msitu ni kazi ambayo Kihadza kinajitosheleza, huhitaji kukopa maneno kueleza nyayo za mnyama au mti gani umekatwa lini. Wasiwasi wangu uko kwenye ripoti. Zile taarifa za doria, mikutano ya mgao, mahesabu, yakiwa yote kwa Kiswahili na Kiingereza basi kijana ataelewa haraka tu kwamba porini ni Kihadza na kwenye hela ni lugha nyingine, na tunajua atachagua nini. Halafu hizi biashara za kaboni bila hati mkononi mwa wenyeji ni hatari, msitu ukipanda thamani wanatokea wenye nguvu wanaosema wale watu wa asili ndio wanaharibu msitu. Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya, walilazimika kwenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, wakashinda 2017, na 2022 mahakama ikaamuru walipwe fidia na wapewe hati ya ardhi yao. Kushinda kwenye karatasi na kupata ni safari mbili tofauti.

Kuhusu nani ashike hela, mfano ninaoupenda ni Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand. Wote tunasimuliwa habari ya Kōhanga Reo, zile shule za awali zilizoanza 1982 ambazo bibi na babu wanalea watoto kwa Kimaori tupu, ni habari nzuri na wengi wameiga, Hawaii wakaanzisha za kwao muda mfupi tu baadaye wakati watoto wanaokijua Kihawaii walikuwa hawafiki hamsini. Lakini sehemu isiyosimuliwa sana ni ya uchumi. Kabila lao moja, Ngāi Tahu, mwaka 1997 walitia saini makubaliano na serikali ya New Zealand, yakawa sheria 1998, wakalipwa dola milioni 170 za kule kama fidia ya ardhi waliyodhulumiwa, hawakugawana wakala, wakawekeza kwenye mashamba, uvuvi, utalii, zikazaa. Na kutoka kwenye faida ya biashara zao wenyewe wakaanzisha mpango wa kufikisha kaya 1,000 zinazoongea Kimaori nyumbani. Kaya, sio madarasa! Hawakusubiri mfadhili aje na fomu ya miaka mitatu halafu aondoke anasema mradi umefikia ukomo (hili neno "ukomo wa mradi" nalichukia kupita kiasi).

Na kuna kitu kingine kidogo ambacho wengi wanakiruka, watu wazima wa katikati. Tunapenda sana watoto na wazee kwenye picha, lakini anayelea mtoto ni mtu wa miaka thelathini, na yeye ndiye aliyekosa lugha. Wasami wa Inari kule Finland, lugha yao ina wasemaji mia chache tu, walianzisha malezi ya watoto kwa lugha yao 1997, ikafika mahali wakakwama, walimu hawapo, waandishi hawapo. Basi mwaka 2009 wakachukua watu wazima wenye fani zao wakawapa mwaka mzima wa kusoma lugha, darasani na kwa wazee majumbani, wakiwa wanavua na kupika na kusuka nao, na wakitoka hapo kazi zinawasubiri, walimu, watangazaji, walezi. Mwaka mmoja tu, na mtu anapewa uwezo wa kuishi wakati anasoma. Hiyo ndo naita mafunzo ya ufundi stadi, kwa nini vyuo vya ufundi visiwe na kozi kama hiyo? Unafundisha uashi, umeme, ushonaji, ongeza na ukalimani wa hospitali kwa lugha za pale pale.

Sasa Mhariri niseme jambo ambalo baadhi ya wasomaji wako watanuna. Sisi tunaoandika Kiswahili tunapenda kulalamika Kiingereza kinatumeza, na kweli, ila kwa lugha ndogo za Afrika Mashariki mmezaji mara nyingi ni sisi. Kiswahili ndicho cha soko, cha shule ya msingi, cha polisi, cha kanisani na msikitini, cha nyimbo. UNESCO wametupa siku yetu 7 Julai, tukaanza kuisherehekea 2022, na mi nafurahi kama wengine, lakini siku ile sijasikia kiongozi anasema na hizi lugha za jirani zetu wadogo tunazifanyia nini. Mtoto hahitaji kuchagua moja, kichwa cha mtoto kina nafasi ya lugha tatu nne bila kelele, tunaomlazimisha achague ni sisi wakubwa kwa kuweka kila chenye faida upande mmoja. Kiswahili hakitapungua hata punje kama nesi atamwelekeza mama mjamzito kwa lugha anayoielewa vizuri.

Ninachoomba kifanyike sio kikubwa. Mradi wowote mkubwa, bwawa, mgodi, hifadhi, kaboni, barabara, kabla ya kuanza lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, hilo limeshakuwa kawaida nchi nyingi. Humo humo iwekwe na athari kwa lugha, nani atahamishwa na atahamishiwa kati ya watu wanaoongea nini, nafasi ngapi za kazi zitapewa wanaojua lugha ya pale na kama hawapo nani atafunzwa, redio ya jamii itapata nini. Wales sheria ya mipango ya ardhi tayari inataka Kiwelisi kifikiriwe, kwa hiyo sio ndoto ya mlevi. Na mikutano ya ridhaa pia, lile Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili la 2007 linasema jamii iombwe ridhaa yake kwa hiari, mapema na ikiwa na taarifa kamili, na linasema pia watu waweze kuelewa na kueleweka kwenye mambo ya serikali na mahakama, ikibidi kwa wakalimani. Sasa ridhaa gani inapatikana kwenye kikao ambacho mzee anasomewa kurasa za ripoti kwa lugha ya mjini, anatikisa kichwa kwa heshima, anasaini kwa dole gumba?

Na hapa naomba msaada wako Mhariri, wewe na waandishi wako. Wakienda kuripoti mradi mpya mahali popote penye jamii ndogo, mbali na kuuliza umegharimu kiasi gani na utakamilika lini, wamuulize mkandarasi na mkuu wa pale maswali mawili tu: kikao cha wananchi kilifanyika kwa lugha gani, na mkalimani alilipwa na nani. Majibu wayaandike kwenye habari yenyewe, sio pembeni, tena hata wakijibiwa "hapakuwa na mkalimani" waandike hivyo hivyo na jina la mradi juu yake.

Wasalaam,
Msomaji wenu wa siku nyingi